Uzi: Miaka 11 nachapa matangazo na profoma za watu. Haya ndiyo yanayofukuza wateja wenu

KaratasiNyeupe (mleta mada)

Wakuu, habari za Jumapili.

Nina steshenari ndogo Morogoro, njia ya kutokea stendi. Mashine ya kudurufu moja, printa mbili, na binti anayenisaidia. Tangu 2014 kazi yangu ni kuchapa vitu vya watu: vipeperushi, matangazo ya kubandika, profoma (karatasi ya bei unayompa mteja kabla ya kazi), invoisi, barua, mikataba ya fremu. Nikichapa nasoma, siwezi kujizuia. Mara nyingi mtu analipa, anaondoka na karatasi zake mia, na mimi nabaki najua kabisa kwamba hazitamletea hata simu moja. Nilikuwa nanyamaza kwa sababu hela yangu nimeshapata. Leo nasema.

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja anashona mapazia. Tangazo lake alikuwa ameliandika kwenye simu, hivi:

"KALIBU SANA!!! Tunauza mapazia ya kisasa yenye ubora wa hali ya juu kwa bei nafuu sana. Haina zote zipo. Wote mnakaribishwa. Bei maelewano."

Tuache "kalibu". Tuache hata "haina zote", ingawa hilo lina hasara yake, maana aliyekusudia "aina zote" ameandika kwamba hana. Nilimuuliza hivi: duka la mapazia linalotazamana na lako likilichukua tangazo hili, likabadilisha namba ya simu tu, kuna neno litakalokuwa la uongo? Akafikiria, akacheka. Hakuna.

Nikamwambia, haya, mimi ni mteja, nina dirisha sebuleni. Akaanza bila kupepesa macho: "La futi tano? Hilo pazia mbili na shela ni elfu arobaini na tano, kushona humo humo. Nakuja kupima leo, keshokutwa nakufungia. Fimbo nafunga mwenyewe, mjini sichaji usafiri."

Nikamwambia hayo uliyoniambia ndiyo tangazo. Tukaliandika:

PAZIA MBILI NA SHELA, DIRISHA LA FUTI 5: SH. 45,000
Kushona na kufunga viko ndani ya bei hiyo.
Tunakuja kupima leo, keshokutwa tunakufungia. Mjini usafiri bure.
Fremu ya bluu, mkabala na lango la soko.

Chini yake namba ya simu, kwa herufi kubwa kuliko jina la duka. Hapo tulibishana kidogo, maana jina la duka ni la mtoto wake. Lakini mteja hapigi jina, anapiga namba.

Ndicho ninachotaka kusema kwenye uzi huu. Mfanyabiashara akiwa kaunta anaongea vizuri mno, anajibu kila kitu. Akishika kalamu anageuka kuwa mgeni rasmi. "Tunapenda kuwatangazia wateja wetu wote popote walipo..." Umeshatumia mstari mzima na bado sijui unauza nini.

Nitashuka na profoma baadaye, wateja wameanza kuingia.

Mlango wa Nne

Mkuu umenena, ila hilo la bei nakukatalia. Mimi niko Kariakoo, vitenge na mashuka ya jumla. Nikiweka bei Instagram saa nne, saa tano jirani ameshashusha mia tano na ametumia picha yangu mwenyewe. "Bei njoo DM" si ujinga, ni kujilinda.

KaratasiNyeupe

Nakuelewa, na wewe wa jumla kesi yako ni tofauti kweli. Lakini jirani yako akitaka bei yako hashindwi kuipata, anamtuma mtoto aje aulize kama mteja. Anayeshindwa ni mtu wa Songea mwenye duka lake dogo, anapanga safari ya mzigo usiku, ameona mashuka yako na hana nguvu ya kuandika "bei?" halafu asubiri jibu kesho. Anapita kwa anayefuata.

Kama unaogopa kuweka bei zote, weka ya bidhaa moja tu ambayo unajua huwezi kushindwa, na idadi ya chini unayouza. "Shuka 6 kwa 6, kuanzia pisi 12, kila moja sh. kadhaa." Mtu anapata kipimo cha duka zima.

Ila "kuanzia" iwe ya kweli. Kuna watu wanaandika "viatu kuanzia 10,000", ukifika cha elfu kumi kiliisha mwezi wa tatu. Zaidi ya kuudhi, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo.

Na wale wa vifaa vya simu na kodi za nyumba mnaopenda kuandika bei kwa dola: tangu 28 Machi 2025 kanuni zimekataza kutangaza bei ya bidhaa au huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Bado naletewa vipeperushi vyenye alama ya dola. Siku hizi namwonyesha mtu kwanza kabla sijabonyeza printa.

Bucha la Baba Asha

Kaka hongera kwa uzi. Mimi nina bucha, natumia SMS za mkupuo kwa wateja wangu kama 300 hivi, kila Ijumaa jioni. Ujumbe wangu ni mfupi tu lakini salio linaisha kama nimetuma gazeti. Kampuni wanasema ujumbe mmoja unahesabiwa mitatu. Nahisi naibiwa. Ujumbe wenyewe huu:

"Ndugu mteja, kesho Jumamosi nyama safi ya ng’ombe ipo kuanzia saa 12 asubuhi. Steki 13,000, mchanganyiko 11,000. Weka oda leo tukukatie mapema. Karibu sana."

KaratasiNyeupe

Baba Asha, mimi ni dada, lakini si neno.

Huibiwi. Mwizi wako yuko ndani ya neno ng’ombe. Iangalie vizuri hiyo alama baada ya "ng". Kuna ya aina mbili: iliyonyooka kama kijiti, na iliyojikunja kama mkia. Yako imejikunja. Simu nyingi, na Microsoft Word, huiweka yenyewe bila kukuuliza.

SMS ya kawaida inabeba herufi 160, na herufi zote za Kiswahili zimo, pamoja na ile alama iliyonyooka. Ukiingiza alama moja tu isiyomo kwenye orodha ya herufi hizo, iwe emoji au huo mkia, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine wenye nafasi 70. Ukizidi 70 unakatwa vipande vya 67. Wako una herufi zaidi ya 150, kwa hiyo ni vipande vitatu. Kwa wateja 300 unalipia SMS 900.

Futa hiyo alama, andika kwa ile iliyonyooka. Au andika "nyama safi" tu, kila anayekujua anajua huuzi punda.

Bucha la Baba Asha

Weeee. Mwaka mzima!

Mlalahoi Msomi

Nimecheka nikakohoa. Nchi hii ng’ombe anatuumiza hata kwenye SMS.

Nyali Dukawalla

Salamu kutoka Mombasa. Naongezea la saa, maana huku limeniponza. Niliweka bango la duka langu la vipuri: "Tunafungua 2:00 hadi 12:00". Mimi nahesabu saa zetu za Kiswahili, mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni. Wateja waliotoka bara wakasoma kwa saa ya Kizungu, wakaja saa nane mchana wakidhani ndiyo kwanza nafungua. Mmoja alikuja saa tano usiku, akampigia mlinzi kelele.

Sasa nimeandika "saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni". Neno "asubuhi" halinigharimu kitu.

Bint Unguja

Mimi nashangaa kitu kimoja. Sisi watu wa pwani tumezaliwa na kanga. Jina la kanga ni mstari mmoja, unasomwa mtu akiwa anatembea, na jirani yako anajua kabisa umemkusudia yeye. Kwa nini basi mtu huyohuyo aliyechagua kanga kwa nusu saa dukani, akiulizwa sentensi ya biashara yake anaandika aya tatu?

KaratasiNyeupe

Bint Unguja, hilo nalichukua, nitawasomea wateja.

Marehemu baba yangu alikuwa karani. Alikuwa akisema simu ya maandishi ya posta (telegramu) ndiyo iliyomfundisha kuandika, kwa sababu ulilipia kila neno. "Mama mgonjwa njoo Jumanne." Hakuna aliyeandika "napenda kukutaarifu kwamba". Sasa maneno ni bure kwenye WhatsApp, tunayamwaga.

Sikiliza pia yale matangazo ya vifo redioni. Nani amefariki, lini, wapi, mazishi saa ngapi, kisha "habari ziwafikie" na majina ya watu na miji yao. Ukikaa Kigoma ukasikia jina lako, unajua nenda wapi na lini. Tangazo la biashara lingekuwa na nusu ya utaratibu huo tungekuwa mbali.

Haya, profoma. Hapa ndipo hela kubwa inapopotea, na watu hawajui.

Fundi Alumini

Dada ngoja nikutangulie, maana mimi ni mfano hai. Nilimwandikia mteja mmoja mwaka juzi:

"Madirisha 6 ya aluminiamu @ 280,000 = 1,680,000. Advansi kwanza."

Basi. Hiyo ndiyo profoma yangu yote, na muhuri nikagonga. Akanipa laki nane. Nimemaliza kufunga, anasema nyavu za mbu ziko wapi? Nikasema nyavu ni hela nyingine. Akasema kwa fulani nyavu zimo. Halafu na plasta pembeni ya fremu, nani anaziba? Tulifika mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akasoma karatasi yangu, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna maandishi mengine. Hakuna. Nililipa nyavu mwenyewe.

KaratasiNyeupe

Pole sana fundi. Na hilo la mwenyekiti kugeuza karatasi ndilo jambo lenyewe. Karatasi ya biashara inaandikwa kwa ajili ya siku ambayo nyinyi wawili mmekasirikiana na wa tatu anaisoma. Siku ya kupeana mikono hamuihitaji, mnaelewana.

Ingekuwa yangu ningeiandika hivi:

Madirisha 6 ya aluminiamu ya kuteleza, kila moja upana sm 150 na kimo sm 120, fremu rangi ya kahawia, kioo cheupe cha milimita 5.
Kila moja 280,000. Jumla 1,680,000, shilingi milioni moja laki sita na themanini elfu tu.
Bei hii inahusisha: usafiri hadi nyumbani kwako na kufunga.
Bei hii haihusishi: nyavu za mbu, nondo, na kuziba plasta.
Malipo: 1,000,000 kabla ya kuanza, 680,000 siku ya kumaliza kufunga, kabla fundi hajaondoka.
Kazi inachukua siku 7 kuanzia siku ya kupokea malipo ya kwanza.
Bei hii ni ya siku 14 kuanzia tarehe iliyo juu.

Mstari wa "haihusishi" watu wanauogopa. Wanasema utamkimbiza mteja. Mimi naona kinyume: mteja akiuona ndipo anauliza, "Na nyavu ni shilingi ngapi?" Unamwambia, anakubali, umeongeza kazi. Usipouandika, nyavu hizohizo unazitoa mfukoni.

Mstari wa siku 14 usiuache. Aluminiamu na vioo vinapanda. Kuna mtu alimletea mteja wangu profoma ya miezi tisa nyuma akidai bei ileile, na haikuwa na tarehe ya mwisho. Akaipata.

Na "advansi kwanza" ni kiasi gani? Yeye alidhani nusu kasoro, wewe ulidhani zaidi ya nusu. Wote mko sahihi, karatasi haikusema.

Mzee wa Vocha

Nimestaafu uhasibu katika halmashauri moja, jina tuliache. Niseme upande wa pili wa kaunta.

Wafanyabiashara wadogo wanalalamika serikali hailipi. Kuna kweli yake. Lakini nimeona invoisi nyingi zikilala mezani kwa makosa ya mwandishi. Mlipaji anaweka karatasi tatu pamoja: LPO (hati ya oda) tuliyokupa, delivari iliyosainiwa na aliyepokea mzigo, na invoisi yako. Zikitofautiana, haigongwi muhuri. LPO inasema "viti vya mbao 40", delivari inasema "stuli 40", invoisi inasema "samani". Wewe unajua ni kitu kimoja. Mimi nikilipa, mkaguzi anakuja na hoja, na hoja inaandikwa jina langu. Kwa hiyo nakili maneno ya LPO kama yalivyo, hata kama wamekosea. Ukiona wamekosea, waambie wairekebishe kabla hujapeleka mzigo.

La pili ni jina. BRELA, kwa wasajili wa biashara, umesajili jina moja, TIN (namba ya mlipakodi) ina jina lako la kuzaliwa, akaunti ya benki ina jina la mke. Hapo hata malaika hakulipi.

La tatu, ukiwauzia bidhaa serikali, inakatwa asilimia 2 kodi ya zuio kabla hela haijakufikia. Dai cheti chake, kinahesabika kwenye kodi yako ya mwaka. Nimewaona watu wanakuja juu, "mmeniibia", kumbe walikokotoa faida bila kuiweka.

Nyali Dukawalla

Huku kwetu Kenya tangu Januari 2024 mteja mwenye biashara hakubali karatasi yoyote isiyo ya eTIMS (mfumo wa invoisi za kielektroniki), kwa sababu KRA, mamlaka yetu ya mapato, haimhesabii kama gharama. Invoisi nzuri ya kuchapwa na nembo haina kazi. Kwa hiyo kwenye tangazo langu nimeongeza maneno "Risiti ya eTIMS ipo". Wanunuzi wa makampuni wameongezeka, wallahi sikutegemea.

Mlango wa Nne

Hiyo nzuri. Hapa nasi "risiti ya EFD ipo" (ile ya mashine ya kodi) kwenye tangazo la jumla inavuta mtu, hasa anayesafirisha mzigo mikoani. Njiani akisimamishwa, kitu cha kwanza anaulizwa ni risiti.

Halafu nirudi kwenye lile la bei. Jana nimejaribu. Nimeweka bei ya shuka moja tu, zile 6 kwa 6. Jirani ameshaiga, kama nilivyosema. Lakini DM za leo hazina "bei?" hata moja. Wanauliza mzigo unafika Tunduma siku ngapi. Sijakubali bado, nasema tu nilichoona.

Mlalahoi Msomi

Swali. Picha za wateja je? Mke wangu ana saluni, kila kichwa anachosuka anakipiga picha anarusha status.

KaratasiNyeupe

Amuombe ruhusa, na bora ya maandishi hata kwa WhatsApp: "Dada, naomba nitumie picha hii kwenye tangazo." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na imeanza kutumika Mei 2023. Sheria kando, kuna dada hapa mtaani alikwenda kusuka siku aliyoaga kazini kwamba anaumwa. Bosi akaona status.

Na status inakufa baada ya saa 24. Bei na mitindo aviweke kwenye katalogi ya WhatsApp Business, vinakaa.

Jambo la mwisho, kabla hamjachapa chochote mpeni mtu asiyejua biashara yenu asome kwa sauti. Mimi namtumia binti wangu wa kazi. Akikwama mahali, pale ndipo pabovu. Msimwulize "ni nzuri?", atasema nzuri. Mwulizeni "ungekuja saa ngapi, na hela ngapi mkononi?"

Bucha la Baba Asha

Ripoti. Jana nimetuma kwa alama iliyonyooka. Wateja 300, SMS 300. Salio limebaki hadi nimeliangalia mara mbili. Mama Asha anasema hiyo iliyobaki ni ya kwake.

Fundi Alumini

Dada, kuchapa profoma kama hiyo uliyoniandikia ni shilingi ngapi hapo kwako? Niko Kihonda, nakuja kesho.

KaratasiNyeupe

Kuandika 2,000, kutoa ukurasa 500. Tunafungua saa 2 asubuhi.

Fundi Alumini

Bei hiyo inahusisha karatasi, au haihusishi?

KaratasiNyeupe

Karatasi ni yangu fundi. Nakala ya pili ni mia mbili, na muhuri uje nao mwenyewe.